Sarafu ya Kwanza Haikuzaliwa Sokoni

Msomaji wa Biblia anaikumbuka biashara ya Hebroni. Sara amefariki, Ibrahimu anatafuta mahali pa kumzika, na Efroni Mhiti anamtajia bei ya shamba na pango lake: shekeli 400 za fedha. Ibrahimu anampimia. Kitenzi hicho, kupima, ndicho kilichobeba biashara ya Mashariki ya Kati kwa zaidi ya miaka 2000. Shekeli ilikuwa uzito, huko Babeli ikikaribia gramu 8.4, na fedha ilipita mikononi ikiwa mabonge, vipande vya waya, pete zilizokatwa na vikuku vilivyokunjwa. Muuzaji alikuja na mizani yake, mnunuzi na yake, na aliyeshuku ubora alikata kipande akachungulia ndani.

Watu hao walikuwa na mikopo ya riba, hati za madeni kwenye vibao vya udongo, ubia wa misafara, na bei zilizoandikwa za shayiri na sufu. Pesa walikuwa nayo. Sarafu hawakuwa nayo, wala hakuna dalili kwamba waliikosa. Naanza hapa kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kwamba watu walibadilishana mbuzi kwa mtama, wakachoka kubeba mizigo, ndipo wakabuni sarafu. Aristotle naye, katika kitabu chake cha Siasa, alieleza kwamba biashara ya mbali ndiyo iliyoleta matumizi ya metali, na kwamba chapa iliongezwa baadaye ili kumpunguzia mtu kazi ya kupima. Namheshimu sana, lakini aliandika miaka 300 hivi baada ya tukio, na yaliyofukuliwa ardhini tangu hapo yanamkatalia.

Watazame Wafoinike. Hakuna taifa la Bahari ya Kati lililofanya biashara kubwa kuliko wao. Merikebu za Tiro na Sidoni zilifika Hispania kuchukua fedha, zikabeba mierezi, zambarau, vioo na watumwa. Kama sarafu ingekuwa mtoto wa biashara, ingezaliwa Tiro. Lakini Tiro na Sidoni hawakupiga sarafu yao wenyewe mpaka katikati ya karne ya 5 KK, zaidi ya miaka 100 baada ya Wagiriki waliokuwa wakishindana nao bandarini. Mizani iliwatosha. Kwa hiyo tunatafuta jibu la swali jingine: ni nani, wapi, aliyekuwa na tatizo ambalo mizani haikuweza kulitatua?

Jibu liko magharibi ya Uturuki ya leo, katika ufalme wa Lidia, ambao mji wake mkuu ulikuwa Sardi, uleule uliotajwa katika Ufunuo. Pembeni mwa mji huo ulipita mto mdogo, Pactolus, ukishuka kutoka mlima Tmolus na kuacha mchangani punje za metali ing'aayo. Haikuwa dhahabu safi. Ilikuwa mchanganyiko wa asili wa dhahabu na fedha, ambao wataalamu huuita elektramu na mwanahistoria Herodotus aliuita dhahabu nyeupe.

Shida ya dhahabu nyeupe ni kwamba haisemi ukweli kuhusu nafsi yake. Punje moja inaweza kuwa na dhahabu asilimia 70, jirani yake 90. Ukiziyeyusha pamoja, bonge unalopata lina kiwango cha tatu. Na kwa kuwa katika nyakati hizo dhahabu ilikuwa na thamani ya takriban mara 13 ya fedha, tofauti ya asilimia 20 si jambo la kupuuza. Mizani inakuambia uzito tu. Jiwe la kusugulia, lile jeusi ambalo Wagiriki waliliita jiwe la Lidia, lilimpa sonara makadirio kwa rangi ya mchirizo, lakini ni makadirio ya mtu aliyezoea, na mchuuzi wa samaki hakuwa sonara. Hapa palikuwa na metali ya thamani kubwa ambayo watu wawili waaminifu, kila mmoja na mizani yake nzuri, wasingeweza kukubaliana bei.

Ndipo simba alipopigwa chapa.

Kichukue kipande kimoja cha aina hiyo ukitazame vizuri. Kinaitwa trite, yaani theluthi, kwa kuwa ni sehemu ya tatu ya stateri, yaani sarafu nzima, ya gramu 14.1 hivi. Kina uzito wa gramu 4.7, na upana wake haufiki ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja kuna kichwa cha simba aliyeachama, na juu ya pua yake kuna nundu yenye miale kama jua dogo. Upande wa pili hauna picha, una mashimo mawili ya mraba yaliyobonyea. Fundi alikipima kibonge kwanza, akakilaza juu ya fuawe iliyochongwa simba, akakisimamishia patasi butu, akapiga nyundo. Metali ikaingia ndani ya simba kwa chini, na patasi ikaacha shimo juu. Kingo zilipasuka, na umbo halikuwa duara kamili. Fundi hakujali umbo. Alichojali ni uzito: sarafu hizi zinapopangwa kwenye mizani ya kisasa zinatofautiana kwa sehemu ndogo sana ya gramu.

Kinachonishangaza zaidi kiko ndani. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba sarafu za simba zina dhahabu karibu asilimia 54, fedha 44, na shaba 2. Na zinakaribiana, moja baada ya nyingine. Hii si metali ya mto iliyopigwa kama ilivyookotwa. Mtu ameongeza fedha kwa makusudi, akatia shaba kidogo ambayo inarudisha wekundu uliofifia, kisha akaweka chapa ya simba juu. Fanya hesabu: gramu 14 za elektramu yenye dhahabu asilimia 75 zina dhahabu gramu 10.5. Stateri ya simba ina gramu 7.6. Aliyepiga chapa alibaki na tofauti.

Msomaji atasema huo ni wizi. Ungekuwa wizi kama mtoaji angezikataa zinaporudi. Lakini kipande kama hicho hakiwezi kudumu mikononi mwa watu kwa miongo kadhaa isipokuwa aliyekitoa anakipokea tena kwa thamani ileile aliyokitolea: katika kodi, katika faini, katika ushuru wa lango la mji. Chapa ya simba ilimaanisha ahadi hiyo. Jirani akikataa kipande changu kwa kushuku dhahabu yake, najua ikulu ya Sardi haitakikataa, na yeye pia anajua. Ubishi unaishia hapo. Ndiyo maana nasema sarafu ilianzia kwenye mkono wa mlipaji mkubwa, mwenye metali ya kutilia shaka na mamlaka ya kuondoa shaka hiyo.

Ushahidi wa pili ni ramani. Sarafu za elektramu za kale hupatikana magharibi mwa Uturuki ya leo na karibu yake, hazijatapakaa Misri, Foinike wala Italia. Zilizunguka pale neno la mtoaji liliposikika, na nje ya hapo zilikuwa kibonge cha metali ya mashaka kama zamani. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya biashara ya ng'ambo kisingekuwa na tabia ya kukaa nyumbani.

Hazina yetu kubwa ya sarafu hizi ilitoka Efeso, chini ya hekalu la Artemi. Mwaka 1904 na 1905, David Hogarth alichimba hapo kwa niaba ya British Museum, na chini ya misingi ya hekalu alikuta sadaka za dhahabu, pembe za ndovu, vito, na vipande vya elektramu takriban 90. Vingine vilikuwa mabonge matupu yasiyo na alama, vingine vina mikwaruzo upande mmoja na shimo la patasi upande wa pili, vingine vina simba, jogoo, kichwa cha sili. Wachimbaji waliofuata wamevipa vitu hivi tarehe ya nusu ya pili ya karne ya 7 KK. Ukivipanga mezani kwa mfuatano unaona wazo likikua: kwanza uzito, kisha shimo la kuthibitisha, kisha picha. Sipendi kuukazia sana mfuatano huo, kwa kuwa vyote vilifukiwa pamoja na huenda vilitumika pamoja. Lakini vinaonyesha kwamba picha ilikuja kukaa juu ya mazoea ya kupima yaliyokuwapo tayari.

Baadhi ya sarafu za mwanzo zina maandishi. Moja, yenye paa anayekula majani, inasema kwa Kigiriki: mimi ni alama ya Phanes. Wataalamu wamebishana kama Phanes alikuwa mtawala, afisa wa mji au tajiri mwenye fedha zake. Kwangu sentensi yenyewe ina uzito kuliko jina. Kipande cha metali kinasema kwa nafsi ya kwanza, kama muhuri uliobandikwa kwenye barua, na kinamtaja wa kudaiwa. Katika sarafu za simba kuna zilizoandikwa kwa herufi za Kilidia neno linalosomwa Walwet, ambalo wengi wanalihusisha na Alyattes, mfalme wa Lidia na baba yake Croesus.

Walilipwa akina nani? Mwanazuoni R. M. Cook alipendekeza mwaka 1958 askari wa kukodiwa, na nadhani alikuwa karibu na ukweli, japo orodha ni ndefu zaidi: wajenzi, makuhani, wajumbe, watu waliopewa zawadi za kifalme. Wote hao ni watu wanaopokea kutoka mahali pamoja. Mwaka 1964 Colin Kraay wa Oxford alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba sarafu za mwanzo zilikuwa za thamani kubwa mno kwa matumizi ya sokoni, kwa hiyo soko halikuhusika kabisa.

Hapo Kraay aliteleza, na namna alivyoteleza inafundisha. Stateri ya simba iligawanywa kwa mbili, tatu, sita, kumi na mbili, ikaendelea kugawanywa mpaka sehemu ya 96. Sehemu hiyo ya mwisho ina uzito wa gramu 0.15, ndogo kuliko dengu, na bado ina chapa. Kwa dhahabu na fedha iliyomo inakaribia thamani ya gramu 1.1 za fedha. Kiasi hicho bado ni kikubwa kwa mtu anayetaka kitunguu: Athene ya karne ya 5 KK ilimlipa mzee wa baraza la mahakama oboli 3 kwa siku nzima, yaani gramu 2 na ushei za fedha. Lakini mtu hapigi kichwa cha mnyama juu ya chembe ambayo kikohozi kinaweza kuipeperusha kwa ajili ya mishahara ya askari pekee. Mtu mmoja mahali fulani alikuwa akidai chenji. Soko halikuizaa sarafu, ila liliichukua mapema sana, pengine ndani ya kizazi kimoja.

Croesus, aliyetawala kuanzia karibu 560 KK, aliliondoa tatizo la dhahabu nyeupe kwa kulikata mzizi. Kuanzia 1968, wachimbaji wa Harvard na Cornell walifukua karakana ya kusafishia dhahabu ukingoni mwa Pactolus. Kazi ilikuwa hivi. Elektramu ilifuliwa ikawa karatasi nyembamba, ikapangwa ndani ya chungu pamoja na chumvi, chungu kikafunikwa na kuchomwa kwa moto usiofikia kuyeyusha, labda kwa siku kadhaa. Mvuke wa chumvi uliila fedha na kuipeleka kwenye kuta za chungu na matofali ya tanuri. Dhahabu ikabaki peke yake, safi. Kisha mafundi waliyavunja matofali, wakayayeyusha pamoja na risasi, na risasi ilipoungua na kujitenga, fedha ikaonekana chini. Chumvi ya kupikia na udongo wa kufinyanga vilitenganisha kile ambacho vizazi vya wapimaji walishindwa kukitenganisha kwa macho. Katikati ya karakana palikuwa na madhabahu ya mungu-mke Cybele yenye sanamu za simba.

Sasa Croesus aliweza kupiga sarafu za dhahabu na za fedha mbalimbali, zote zikiwa na simba na fahali wanaotazamana. Stateri yake nyepesi ya dhahabu ilikuwa na gramu 8.1 hivi, ya fedha gramu 10.7. Zidisha 8.1 kwa 13.3 upate karibu 107: dhahabu moja kwa fedha kumi. Mfumo wa fedha wa metali mbili wenye hesabu nyepesi ya vidole, na naona huu ndio ubunifu mkubwa wa Lidia, mkubwa kuliko simba wa kwanza. Herodotus aliposema Walidia ndio watu wa kwanza tunaowajua kupiga na kutumia sarafu za dhahabu na fedha, nadhani alikuwa na hizi za Croesus akilini. Koreshi wa Uajemi aliiteka Sardi mnamo 547 au 546 KK, na Waajemi wakaendelea kupiga simba na fahali kwa miaka mingi kabla mfalme wao Dario hajaweka picha yake mwenyewe ya mpiga upinde.

Wagiriki wa ng'ambo ya bahari waliipokea sarafu wakiwa na pesa nyingine mkononi, nayo ilikuwa mishikaki. Namaanisha mishikaki halisi, vyuma virefu vya kuchomea nyama ya kafara, ambavyo wao waliviita oboli. Sita kati ya hivyo vinajaza kiganja, na kiganja hicho waliita drakma, neno linalotokana na kitenzi cha kushika kwa mkono. Tafsiri yake nyoofu ni mshiko, na kijana wa Dar es Salaam anayesubiri mshiko wake Ijumaa anatumia sitiari ileile bila kuiazima kwa mtu. Katika hekalu la Hera karibu na Argos wachimbaji walifukua fungu la mishikaki ya chuma lililowekwa wakfu kwa mungu-mke huyo. Mwanazuoni Richard Seaford amejenga hoja kwamba mazoea ya kugawa nyama ya kafara kwa mafungu sawa, kila raia fungu lake, yaliwaandaa Wagiriki kukubali kitu kidogo kinachofanana na kingine kama hicho na kuwa na thamani kwa sababu jumuiya imekubali. Siwezi kuithibitisha hoja hiyo kwa mizani, lakini majina yenyewe yanamshuhudia: sarafu zao za fedha ziliitwa mishikaki na mishiko.

Drakma ilisafiri. Waajemi waliichukua, Waarabu wakaifanya dirham, na sisi tunaandika dirhamu tunapotaja pesa ya Dubai. Fedha kwetu ni metali na ni pesa pia, na hilo linaniletea taabu katika makala haya kila ninapotaka kutenganisha vitu viwili ambavyo lugha yangu imeviunganisha.

Aegina ilianza kupiga kasa wake wa fedha karibu na 550 KK, ikafuata Korintho na farasi wake mwenye mabawa, kisha Athene, ambayo kabla karne ya 6 haijaisha iliweka uso wa Athena upande mmoja na bundi upande wa pili. Sparta haikutaka, ikabaki na chuma mpaka karne ya 3. Na hazina iliyopatikana Ionia, yenye sarafu ndogo za fedha za mji wa Colophon zaidi ya 900 pamoja na vipande vya fedha visivyo na chapa, ndiyo iliyomjibu Kraay sawasawa: kufikia mwaka 500 KK hivi, mji ulikuwa unapiga chenji kwa maelfu. Waathene nao walibeba sarafu zao ndogo mdomoni, shavuni, na waigizaji wa vichekesho walitania watu waliozimeza.

Nenda Misri sasa. Mnamo 1968 au 1969 ilifukuliwa Asyut hazina ya sarafu za fedha za Kigiriki karibu 900, zilizofukiwa karibu na 475 KK. Kasa wa Aegina, bundi wa Athene, sarafu za miji ya Thrakia. Nyingi zimekatwa kwa patasi, ubavuni, usoni, katikati ya jicho la bundi. Mmisri aliyezipokea hakuwa na haja na Athena wala mji wake. Alitaka kujua kama ndani ni fedha tupu, kisha akaziweka kwenye mizani, kama Efroni. Bundi aliyekuwa pesa Athene alishuka merikebuni akawa shekeli.

Hiyo ndiyo sababu nasisitiza mlipaji na mamlaka yake. Aristotle huyohuyo, katika kitabu chake cha maadili, aliona kwamba Wagiriki waliiita sarafu nomisma kutokana na nomos, sheria, kwa kuwa thamani yake imewekwa na watu na watu wanaweza kuifuta. Hapo alipatia.

Na sheria inahitaji mtu wa kukaa nayo kila siku. Mwaka 1970, wachimbaji wa Agora ya Athene walipata jiwe la marumaru lililoandikwa sheria ya mwaka 375/374 KK, ambayo Ronald Stroud aliichapisha mwaka 1974. Sheria inamtaka mpimaji wa umma akae kwenye meza za wabadilishaji fedha. Ukimletea bundi halali, kila mtu sokoni lazima ampokee, na mchuuzi anayekataa anapokonywa bidhaa zake zote za siku hiyo. Ukimletea sarafu yenye moyo wa shaba au wa risasi, anaikata palepale na kuitoa iwe mali ya Mama wa Miungu, chini ya uangalizi wa Baraza. Mpimaji mwingine aliwekwa bandarini Piraeus, kwa ajili ya manahodha na wafanyabiashara.

Mpimaji wa umma alikuwa mtumwa. Hakuwa na kura, wala nafasi miongoni mwa waliopitisha sheria hiyo, na asipokuwa mezani pake, au asipopima kama sheria inavyotaka, anachapwa viboko 50. Mji wote ulinunua samaki, mafuta na ngano kwa kutegemea jicho lake.